Pong Rura Bado Anakula

Ne' Limbu hajapanda ndege maisha yake, ila zikipita juu ya mpunga wake huzisindikiza kwa macho mpaka zimezwe na wingu. Nimezunguka milima mingi ya Toraja, sijaona mtu mwingine anayelitazama anga hivyo, kama anayevizia chungu kichemke.

Mumewe, Pong Rura, alikata roho mwaka juzi. Lakini kwetu mtu hafi siku hiyo. Huwa mgonjwa tu: analazwa chumbani, anapelekewa wali na kahawa, anasalimiwa asubuhi, mpaka nyati wa kwanza aangushwe uwanjani. Hapo ndipo anapokufa. Binti yao Tasik, mwalimu huko Merauke, aliomba jambo moja tu: amuage baba angali mgonjwa.

Kabla ukoo haujapanga siku ya nyati, Ne' Limbu alimuuliza mpwa wake Palinggi, aliyewahi kupanda ndege, huko ni mbali kiasi gani.

"Merauke mpaka Makassar? Kilomita elfu mbili na ushee, Shangazi. Ukiweka na kutua Jayapura, saa sita hivi. Halafu saa za kule zimetutangulia kwa moja. Akiondoka saa tatu, huku ni saa mbili."

"Sasa hiyo saa moja inaangukia wapi?"

"Baharini."

"Maskini. Na giza lote la huko chini."

Basi siku ikapangwa kwa hesabu ya Palinggi. Ndiyo kasoro yetu watu wa milimani: tulihesabu hewa, tukasahau mvua na barabara. Tasik akapiga simu: ndege imelala Jayapura. Kesho yake akapiga tena: ametua Makassar, anapanda basi la usiku.

Asubuhi nyati alikuwa amefungwa, wageni wamejaa, ukungu umekaa mapaani kama mgeni mwingine. Palinggi akaja na panga lake.

"Shangazi, nyati amechoka kusimama, watu wamechoka kukaa."

Ne' Limbu akachota wali, akaingia chumbani. "Ngojeni. Mzee bado anakula."

Hakuna anayeangusha nyati huku mgonjwa bado ana sahani mbele yake. Palinggi akakuna kichwa. "Leo anakula polepole kweli!"

"Hata alipokuwa na meno alikula polepole. Kaa chini."

Watu wakacheka, wakakaa. Mimi nilikuwa mlangoni, nikisinzia, nikimsikia Ne' Limbu akimnong'oneza mumewe: "Mwanao amepita Parepare, bahari iko kushoto kwake. Amepita Enrekang, ameanza kupanda. Sasa anayaona mapaa yetu. Tafuna, baba, tafuna." Usingizini basi lilikuwa na mabawa, na ile saa iliyoanguka baharini ilikuwa imepanda nalo, imelowa, imekaa kiti cha nyuma.

Nilizinduliwa na viatu vyenye tope vikipita juu ya miguu yangu.

"Baba, nimefika."

Tasik alikaa naye muda mrefu. Sikusikiliza.

Kisha Ne' Limbu akatoka na ile sahani, akaifuta kwa kanga ya begani, akamtazama Palinggi.

"Haya. Ameshiba."

Ndipo Pong Rura akafariki.