Kibanda cha Mstari wa Mbele

Mama yangu ameishi na bahari zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakupata kukaa ufukweni akiwa mkavu. Alikuwa mkulima wa mwani huko kusini ya Unguja. Maji yakipwa anaingia na kamba zake na vigingi vyake, yakijaa anatoka, nguo zimemganda mwilini, gunia kichwani, njia ya nyumbani. Wageni waliojilaza kwenye vitanda vya pwani humpiga picha akiwapita. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini na sisi hatukai pale. Akanambia, "Wale wamekuja kupumzika, sie tumekuja kazini."

Jawabu lile sikulisahau. Mie ni mtu wa kinyongo, nakiri, na kinyongo changu hakina haraka.

Magoti yalipomshinda nikamleta kwangu Ng'ambo, ambako chumba cha mbele nimekifanya mahali pa cherehani. Nikamkataza kila kitu. Akishika ufagio nampokonya, akikaa kumenya vitunguu namwambia, "Mama, pumzika." Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Yeye akawa anazidi kunyamaza, mpaka siku moja jirani akapita kumjulia hali, nami ndani nikamsikia mama akijibu, "Nipo, mwanangu. Nshakuwa furushi. Naamshwa, naketishwa, nalazwa."

Nilisimamisha cherehani. Furushi, mama yangu, mwanamke aliyenisomesha kwa magunia ya mwani. Nililia, kisha nikakasirika, maana mimi vitu hivyo viwili hufuatana. Nikaapa kwamba nitamtoa, na si kumtoa kwenda kumtembeza Forodhani akala mishikaki akarudi. Nitamlaza pale walipokuwa wakilala wale waliokuwa wakimpiga picha.

Mbele ya mji kuna kisiwa kidogo ambacho kampuni moja imekikodi. Boti haichukui hata nusu saa. Meli kubwa za watalii zikitia nanga, abiria hupelekwa huko kushinda. Kuna vibanda vya makuti, kila kimoja na kitanda kipana, mapazia meupe na kengele ya kumwitia mhudumu. Nakijua kisiwa hicho vizuri kwa sababu sare za wafanyakazi wake nazishona mimi. Ila nilikuwa nikiingilia upande wa jikoni, na mabunda yangu, na vile vibanda nikiviona kwa nyuma tu.

Nilipokwenda ofisini kwao kukodi kibanda, dada wa pale akadhani nimeleta suruali. Nikamwambia nataka kibanda, cha mstari wa mbele, siku ya meli. Akatabasamu. "Bi mkubwa, siku ya meli vibanda ni vya wageni."

"Kuna sheria au kuna mazoea?"

Akaenda kumuuliza mkubwa wake, akakaa, akarudi. Sheria haikuwapo. Zamu yangu ya upatu ilikuwa ishafika, fedha ninazo, kwa hiyo sikuwa na la kungoja. Nikapewa karatasi yenye muhuri: kibanda nambari tatu, mstari wa mbele, watu wawili. Nilirudi nyumbani kwa miguu na jua lote lile, na kila niliyepishana naye nilimtolea salamu ndefu kuliko kawaida.

Siku ilipofika, mama akavaa dera lake la Idi na kanga mpya. Meli ilikuwa imesimama mbele ya mji, nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa. Tukapanda boti moja na abiria wake. Tuliposhuka, ngoma ikapigwa, tukavishwa mashada ya maua sote, na aliyemvisha mama alikuwa msichana ambaye sketi yake nilikuwa nimeipunguza kiuno wiki iliyopita. Aliniangalia, nikamkonyeza. Wallahi siku ile nilijiona mrefu.

Ilikuwa saa nne asubuhi na maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa, mchanga mtupu umelala mpaka unachoka kuutazama. Mstari wa mbele ulikuwa mpya. Meneja, mzungu aliyefika karibuni, alitaka wageni wawe karibu na bahari, kwa hiyo vibanda vinane vilikuwa vimejengwa chini kabisa ya ufukwe, makuti bado yananuka upya, magodoro yameteremshwa asubuhi ile ile. Vile vya zamani vilibaki nyuma, juu, chini ya miti ya mikungu. Nikamkalisha mama kitandani, nikamwekea mto, nikabonyeza kengele, nikaagiza chai na juisi ya ukwaju. Nilijiona nimemaliza kazi.

Mama hakulala. Alikaa ukingoni mwa kitanda, anachokoa mchanga kwa ncha ya mkongojo. Akauchota, akauminya, akaunusa. Kisha akasema, "Mwanangu, hapa maji yanafika."

"Mama, bahari ile kule."

"Iko kule sasa. Saa kumi itakuwa hapa, juu ya godoro hili."

Msimamizi wa vibanda akawa anapita, nikamwita atuhakikishie. Kijana wa watu alikuwa na adabu. Akamwamkia mama shikamoo, akajibiwa marahaba. Akasema, "Usiwe na wasiwasi, Bi mkubwa. Fundi alikuja na vipimo vyake, akaangalia maji yanapoishia, akapiga vigingi."

"Lini?"

"Wiki iliyopita, siku kama ya leo."

Mama akahesabu kwenye vidole. "Mwezi ulikuwa na siku tisa. Hayo ni maji mafu, bahari haipandi wala haishuki. Leo mwezi una siku kumi na sita. Leo bamvua, bahari inatoka yote na inarudi yote. Mie jana nimemaliza kufunga siku nyeupe, vipi nisijue?"

Siku nyeupe ni zile funga za sunna, tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano za mwezi wa Kiislamu, mbalamwezi inapokamilika. Mama haziachi. Na la kunichekesha leo ni kwamba na mimi nilizifunga pamoja naye. Tulifuturu sahani moja siku tatu mfululizo, mwezi mzima ukiwa juu ya paa letu, na wazo la bahari halikunipitia. Ndiyo mambo ya mjini hayo. Tunaujua mwezi wa kufungia, wa kuendea pwani tumeusahau. Yule msimamizi naye alikuja kuniambia baadaye kwamba alizifunga zote tatu.

Lakini pale sikucheka. Nilipandwa na hasira. Nimepigania karatasi ile, nimejibizana na watu, nimengoja miaka, na mama yangu anataka kunitia aibu mbele ya wazungu kwa mambo ya kunusa mchanga. Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Mama, siku moja tu ya maisha yako kubali kuwa mgeni."

Uso wake ukafungika kama unavyofungika nyumbani ninapompokonya ufagio.

Nyuma yetu, kwenye kibanda cha zamani chini ya mkungu, walikuwako mume na mke wa kizungu, watu wazima, wanalalamika kwamba wametoka kwao mbali kote kule kuja kutazama migongo ya vibanda vya wenzao. Mama hajui Kiingereza, lakini anajua uso wa mtu asiyeridhika. Akainuka, hakungoja mkono wangu, akajikongoja mpaka kwao. Mimi nyuma mbio.

"Wambie hivi," akanambia. "Wambie mie nakaa hapa kwao, wao wakitaka waende kwetu. Lakini wajue kwamba saa tisa na nusu maji yatafika miguu ya kitanda, saa kumi yatafika godoro. Wakae wakijua. Mizigo yao wasiiweke chini. Wakiona maji yamevuka lile jiwe jeusi, watoke."

Nikawatazama wale wazungu. Nikajitazama mimi, na shada langu la maua. Nikawaambia kwa Kiingereza, "Mama yangu anapenda kivuli. Mnaweza kukaa kwetu."

Walifurahi, wakatushukuru, wakabeba mikoba yao mbio tusije tukaghairi. Mama akanitazama kidogo, akaingia kwenye kibanda chao cha nyuma. Na mimi, mwenye karatasi ya mstari wa mbele, nikakaa nyuma nanuna mpaka adhuhuri. Tuliletewa samaki wa kuchoma, sikumsifu.

Saa nane maji yakaanza kuingia. Si kwa vishindo. Yalikuja kimya kimya, yakajaza vishimo, yakaunganisha vishimo. Saa tisa lile jiwe jeusi likawa halipo. Mama alikuwa kakaa wima anatazama. Nilijua mimi peke yangu kwamba kuna watu wamelala kule ambao hawakuambiwa.

"Mbona hawatoki?" mama akauliza. "Kwani hukuwambia?"

Nikashuka mbio. Nilipofika, maji yalikuwa yananipiga vifundo vya miguu, na wale wawili wamelala fofofo, mapazia yamefungwa, mkoba wa kamera uko chini, umeanza kunyanyuka. Niliudaka. Nikawaamsha kwa kuwapigia kengele yao wenyewe. Kwenye kibanda cha jirani mwanamke mmoja alikuwa ashasimama juu ya kitanda, ameshika viatu mkononi.

Hapo ndipo nilipomsikia mama. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu kusini, sauti ya kuitana kutoka shamba la mwani hadi shamba la mwani, upepo ukivuma. Alikuwa kajifunga kibwebwe, mkongojo kauacha mkunguni, yumo majini mpaka magotini, magoti yale yale. Kumbe ndani ya maji hayamuumi. Wala hakuwahi kunambia, kwa sababu wala sikuwahi kumuuliza.

"Godoro kwanza!" akawa anaamrisha. "Godoro likinywa maji halibebeki. Meza iacheni, meza itaelea yenyewe. Nyie wa jikoni, njooni huku, shikaneni mikono."

Na wa jikoni wakaja. Nusu yao ni wanawake wa huko huko kwetu kusini, wanajua sauti ya namna ile haibishwi. Wahudumu wakaja, msimamizi akaja na suruali niliyomshonea imekunjwa mapajani. Mama akawapanga mstari kutoka vibandani mpaka mkunguni, mto unapita, godoro linapita, mkoba unapita, bibi mmoja wa kizungu naye akapita, kabebwa juu juu, anacheka. Wenye vibanda vyote vinane walitolewa, wala haukupotea hata ukosi wa shati. Saa kumi kamili, na nilitazama saa, wimbi likapanda juu ya kitanda cha nambari tatu likakaa.

Mmoja wa wale wa jikoni akasema kwa sauti, ati haongei na mtu, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nilijua ananisema. Nikacheka, maana nilistahili.

Watu wote wa mstari wa mbele wakajaa kwenye kibanda chetu cha nyuma na chini ya mikungu, wamelowa, wanapeana taulo. Katikati yao amekaa mama yangu juu ya kitanda kipana, kabadili kanga, miguu kainyoosha, analetewa chai na watu watatu kwa wakati mmoja. Yule mume wa kizungu alimshika mkono kwa mikono miwili. Niliwatazama kwa mbali, nikahisi furaha ya kuniuma kifuani. Nilitaka alazwe kama mgeni. Yeye kakaa kama mwenyeji, na wageni ndio wamekuja kwake.

Meneja akaja, kalowa mpaka kifuani. Akaniuliza kwa Kiingereza kama mama yangu anaweza kumwambia siku gani tena maji yatapanda hivi, kwa sababu mwezi ujao kuna meli nyingine mbili. Nikamgeukia mama, nikamtafsiria.

Mama akanywa chai kwanza. Akaweka kikombe. "Mwambie siku za kuhama mstari wa mbele na siku za kurudi ninazo, zote, mpaka Ramadhani. Mwambie fundi wake si mbaya, kaja siku mbaya. Mwambie akitaka kujenga tena asianze na vipimo, aanze kwa kuutazama mwezi. Nitakuja mwenyewe nimwoneshe pa kupiga vigingi, na anilete kwa boti, lakini nisishikwe mkono kupandishwa, nitapanda. Na chai hii haina tangawizi."

Nikafungua mdomo. Akaninyooshea kidole.

"Na safari hii," akasema, "usifupishe."

Kumbe alikuwa na shaka nami tangu asubuhi. Maneno yake yalikuwa mengi, yangu yakawa machache, na yeye si mtu wa kushindwa hesabu ndogo kama hiyo. Nikamgeukia meneja, na mbele ya watu wote wale, na yule mume na mke wakisikia, nikaanza na lile la asubuhi: kwamba mama aliwaonya, na mimi sikuwaambia. Kisha nikayasema yote, fundi, mwezi, vigingi, boti, mkono, tangawizi. Mama alikuwa anakunja kidole kimoja kwa kila jambo, mpaka la mwisho.