Mapengo ya Mwasumini

Harufu ya asumini haina haraka. Huanza baada ya alasiri, kama mgeni anayebisha hodi kwanza, na ikifika magharibi imekwisha kuingia hadi kabatini mwa nguo. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa na uwanja mdogo nyuma ya jiko, na hapo ndipo ulipokuwa mwasumini wa Nyanya, wa kijani mwaka mzima. Aliunywesha maji ya kuoshea mchele na kuusalimu kila asubuhi kabla ya kutusalimu sisi. Nilikuwa na miaka kumi, na niliuona una kasoro: ulikuwa umelemaa. Upande wa ukutani ulijaa, upande wa mlangoni una mapengo. Nakiri jambo hilo lilininyima raha. Nilikuwa mtoto wa kuchana ukurasa mzima kwa herufi moja iliyokaa vibaya, na hadi leo sijapona vizuri.

Msimu ninaoukumbuka ni wa harusi ya khala Zuhura, mdogo wake mama. Nyanya alikuwa ametangaza kwamba koja la bibi harusi litatungwa kwa maua ya mti ule, kama lilivyotungwa la mama yangu. Mimi niliwaza aibu ya wageni kuukuta umelemaa. Mtaani Mbaraki nilikuwa nimeona miti ya maua iliyokatwa mviringo kama mpira, na kazi hiyo nikajifundisha mwenyewe, siku kumi kabla ya harusi, Nyanya akiwa amejinyoosha baada ya adhuhuri. Nilichukua mkasi wake wa kushonea. Nilikata hapa, pale pakazidi. Nikakata pale, hapa pakazidi. Mchagua nazi hupata koroma. Nilipomaliza, mti ulikuwa mviringo kamili. Nikaokota tawi moja chini, nikaona matumba madogo nchani, kama punje za mchele. Mwasumini huchanua nchani. Nilikuwa nimelikata koja la khala.

Nyanya alitoka, akashika kiuno, akauzunguka mti. "Umeunyoa kama aliyetoka Hija," alisema. "Sasa tuuvishe kanzu?"

Nikaangua kilio. Nikamwambia nilitaka kuziba mapengo.

"Mapengo gani, mjukuu wangu? Hili ni la Bi Rukia. Hili la Mama Mutua. Kila jirani aliyeomba tawi la kupanda nilimkatia upande huu, ulio karibu na mlango."

Akanifuta machozi kwa ncha ya leso. Alasiri ya siku ya kupamba alinipa ungo. "Nenda ukaombe," alisema. "Mkono ulionyoa ndio utakaobisha hodi." Habari zilikuwa zimenitangulia. Bi Rukia alinifungulia akicheka: "Ndiwe kinyozi?" Mama Mutua, ambaye mumewe alifanya kazi bandarini, alinipandisha darini, alikopanda tawi lake katika debe la mafuta, akachuma matumba yote. "Mwambie nyanyako mwanawe hajambo, ila hunywa maji kama ngamia." Nilirudi na matumba ya nyumba saba, manene na membamba, nikaanza kuyapanga kwa ukubwa. Nyanya akanishika mkono. "Tunga, mwanangu. Magharibi haingoji." Yalipofunguka shingoni mwa khala, hata mimi sikuweza kujua lipi lilikuwa jembamba.

Mti wenyewe ulichanua majuma kadhaa baadaye, kwa fujo, wakati hakuna aliyeuhitaji. Nyanya alijipamba kwa maua yote, akatupeleka ufukweni Mama Ngina kula mihogo.

Leo Nyanya hayupo, na mti ule uliondolewa kupisha tangi la maji. Mimi naishi Mbaraki, ghorofa ya tatu, na roshanini nina mwasumini uliotokana na debe la Mama Mutua. Kwa miaka mitatu nimeupogoa hadi umekuwa mviringo. Watu husimama chini kuutazama. Juma lililopita jirani aliyehamia karibuni aliniomba tawi. Niliupima mviringo kwa macho, kisha nikamkatia lililo zuri, la upande wa mlangoni. Pengo linaonekana hata kutoka barabarani. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nausalimu, na mkasi nauacha mahali pake.