Jina Moja Mara Kumi

Jumanne nilipigiwa simu ofisini nikaambiwa yule mama wa Temeke, mtuma salamu za redioni, amefariki. Sitamtaja jina. Mliokuwa mkifungua redio mchana mnalijua, maana lilisomwa kuliko majina ya mawaziri. Msibani, jamaa mmoja mwenye saa ya kung'aa alininong'oneza kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila uzee wake aliupoteza kwa mambo ya kitoto. Nilimjibu pale pale mkekani, sauti ikanipanda hadi shehe akageuka. Leo namjibu tena, kwa sababu upuuzi kama huo niliwahi kuuandika mimi mwenyewe, katika safu hii hii.

Miaka hiyo soko huria lilikuwa limeanza kunoga, nami nikaandika kwamba nchi haitajengwa na watu wanaoshinda vibarazani wakijaza kadi za kusalimiana redioni. Nilijiona nimesema jambo kubwa. Siku ya tatu mama yule akaingia ofisini, mwanamke mzito wa mwili, gazeti amelikunja kwapani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe si ndiye mtoto wa msimamizi wetu, yule anayekaa Chamazi?"

Nikakubali. Baba yangu alikuwa msimamizi wake katika kiwanda cha nguo, hadi kilipofungwa na wote wakapunguzwa.

"Sie tulikuwa tunaonana kila siku, mwanangu. Wametufungia geti, huyu kaenda Kawe, yule Chamazi, mie niko Temeke na miguu yenyewe ndiyo hii. Sasa hata redioni tusijuliane hali? Na wewe baba yako umemwona lini?"

Akaliacha gazeti mezani, akaondoka.

Kisha kipindupindu kikaingia mjini. Mjumbe wa nyumba kumi alipita akitangaza: mikusanyiko marufuku, mama lishe wafunge, misiba iwe ya watu wachache na bila chakula. Wazee wengi walizuiwa ndani na watoto wao kwa nia njema, nami nikapata kisingizio kizuri cha kutokwenda Chamazi. Mama yule alitii yote, akachemsha maji, akanawa mikono, lakini upweke hakuukubali. Akazidisha kadi. Kadi moja ilikuwa na nafasi za majina kumi, akawapanga humo wenzake wa kiwandani, na masharti yao yalikuwa rahisi: ukisalimiwa, ujibu ndani ya wiki. Asiyejibu anaulizwa.

Wiki moja baba yangu hakujibu. Mama yule akaja tena ofisini, anahema kwa ngazi. "Baba yako kimya. Nenda kamgongee mlango." Nikamwambia nina makala ya kumaliza, nitakwenda Jumapili, mzee yule ni mzima tu. Akageukia ngazi. "Haya, kaa na makala yako."

Alikwenda moja kwa moja hadi kituo cha redio. Getini wakamwambia kadi zina foleni. Akasema hatoki mpaka yake isomwe siku ile. Ikasomwa. Niliisikia kwenye redio ya ofisini. Nafasi zote kumi alikuwa ameandika jina moja, la baba yangu, wa Chamazi. Mtangazaji alicheka alipolifikia mara ya tatu. Mara ya saba hakucheka tena. Jirani yake baba, muuza mkaa, aliyekuwa akisikiliza redio hiyo hiyo, aliinua macho kutoka kwenye magunia akautazama mlango ambao haukuwa umefunguliwa kwa siku mbili. Alikuwa amedhani mzee amejifungia kuogopa ugonjwa, kama wengine. Yeye na wenzake wakaingia, wakamkuta sakafuni, hana hata nguvu ya kuita. Haikuwa kipindupindu, ilikuwa malaria, na hapakuwa na mtu wa kumpa maji. Wakambeba kwa mkokoteni hadi zahanati, akapona. Mimi nilifika baada ya muuza mkaa, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Sasa redio zimekuwa nyingi, na kadi hazipati nafasi katikati ya matangazo ya magodoro. Tunajenga kuta ndefu na kupanga vipande vya vioo juu yake, kila nyumba na video yake, halafu tunaambiwa hayo ndiyo maendeleo. Sikubali. Mwanamke mwenye miguu mibovu aliwalinda wenzake kwa kalamu, na yule mwenye saa aliyeyaita hayo ya kitoto hajui hata jirani yake amekula nini.

Jana nilinunua kadi. Nilitaka kuwaandika wazee kumi wa mtaa wangu wanaoishi peke yao. Nikaandika wa kwanza, wa pili, wa tatu, kalamu ikasimama. Miaka tisa nimekaa pale na sijui majina ya wengine. Basi kesho naanza kugonga mageti, na mbwa wabweke wanavyotaka. Atakayechungulia na kuniuliza nataka nini, nitamwambia nataka jina lake.