Mkono wa Salamu na wa Breki

Nilijifunza kuendesha pikipiki nikiwa na miaka hamsini kasoro miwili, baada ya kupanda baiskeli tangu ujana wangu. Nilikuwa mwalimu wa madrasa, mtu wa kanzu na kofia, na sikuwahi kufikiri kwamba Mungu ameniandikia injini.

Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Hapa Kaloleni, tunakokaa mpaka leo, maduka ambayo tulizoea kuyapangia foleni ya sabuni yalianza kujaa redio na vitambaa, na wafanyabiashara wa mtaani kwetu wakawa wanaleta vitu vilivyotumika kutoka nchi za nje. Mmoja wao, ambaye watoto wake wote nilikuwa nimewasomesha, alikuja madrasa baada ya sala ya alasiri akisukuma pikipiki nyekundu. Alisema ni sadaka yake. Alijua kwamba kila Alhamisi nilikwenda Maji ya Chai kusomesha watoto wa familia chache za Kiislamu za huko, na kwamba mara nyingi nilikosa gari la kurudia nikalala kwa watu. Nilimwombea dua, nikamshukuru. Alipoondoka nilibaki naizunguka pikipiki ile, sijui niishike wapi.

Mke wangu aliipokea kwa furaha kuliko mimi. Yeye ni Mmeru, mzaliwa wa Maji ya Chai, na mama yake, mjane, alikuwa akiishi peke yake juu kidogo ya barabara kuu, macho yakiwa yameanza kuingia ukungu. Kwa basi safari ile ilimla mke wangu siku nzima: kusubiri stendi, kushuka barabarani, kupanda kilima kwa miguu, kisha kuhangaika kurudi kabla ya magharibi. Kwa hiyo alikwenda mara moja kwa mwezi, na kila aliporudi alikuwa mkimya mpaka kesho yake. Siku ile alikipapasa kiti cha nyuma kwa kiganja, kama mtu anayepima godoro, akasema, "Kumbe naweza kumwona mama kila Alhamisi."

Neno hilo niliingia nalo ndani na nikalala nalo. Yeye hakuwa mtu wa kuomba mambo.

Aliyenifundisha alikuwa fundi wa Lemara, mtu wa rika langu, Mchaga wa Kibosho na Mkatoliki asiyekosa misa ya asubuhi. Mimi ni Mpare, na Mpare na Mchaga ni watani, kwa hiyo hatukuweza kumaliza dakika kumi bila kutupiana maneno. Tulitumia barabara ya vumbi nyuma ya gereji yake. Alinionyesha kila kiungo na kazi yake: mkono wa kushoto klachi, mguu wa kushoto gia, mguu wa kulia breki ya nyuma. Mkono wa kulia ulikuwa na kazi mbili, kuongeza mafuta na kushika breki ya mbele.

Nilisoma dua ya kupanda chombo, ile ambayo ndani yake mtu hukiri kwamba asingeweza kukitiisha kwa nguvu zake mwenyewe, na sijawahi kuisoma kwa ukweli kama siku hiyo. Nikaondoka. Kanzu ilijaa upepo ikawa kama mtungi. Nilipoona ukuta wa jirani unanijia niliinyakua breki ya mbele kwa vidole vyote, gurudumu likakwama, nami nikajikuta kifua kiko juu ya usukani.

Fundi alikuja polepole akijifuta grisi. "Nilidhani Mpare hata breki ataibania," alisema. "Kumbe leo umeitumia yote mara moja."

Nikamwambia Mchaga naye angeiuza kabla ya kuitumia, tukacheka, tukaendelea.

Mwendo una namna yake ya kumzoea mtu. Siku za kwanza kilomita ishirini kwa saa zilinitoa machozi. Niliona miti inanipita kama iliyofukuzwa. Baada ya wiki mbili nilikuwa nakwenda arobaini nikidhani ni ishirini. Nikiwa peke yangu nilianza hata kuipenda ile baridi ya asubuhi inayoshuka kutoka Meru na kuingia kwenye mikono ya kanzu. Macho yalizoea upesi. Mikono na miguu ilichelewa, na mimi sikujua kwamba ilikuwa imechelewa.

Jambo ambalo fundi hakunifundisha, kwa sababu halikumpitia akilini, lilikuwa salamu. Sisi tumefundishwa kwamba aliyepanda ndiye amwanze kwa salamu anayetembea, na anayetembea amwanze aliyekaa. Kwenye baiskeli hilo halikunisumbua. Unapunguza, unasalimia, unaulizwa habari za nyumbani, unaendelea. Sasa nilikuwa nimepanda kuliko wote. Kutoka Kaloleni mpaka Maji ya Chai ni watu wangapi wanatembea kando ya barabara? Safari ya kwanza nilisimama kwa kila mzee niliyemfahamu, na kwa wengi nisiowafahamu. Nilifika watoto wameshafunga juzuu zao na wanacheza.

Safari iliyofuata nikapita bila kusimama. Nilitamka salamu, lakini kofia ngumu na mlio wa injini viliimeza. Wiki hiyohiyo nikasikia msikitini kwamba maalim amepata pikipiki na siku hizi haoni watu. Aliyeniambia alikuwa anatania, lakini liliniuma. Nimewafundisha watoto wa watu kutoa salamu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Basi nikaona dawa yake ni kuinua mkono. Mkono wa kushoto ulikuwa na klachi tu, nao ungeweza kuachiliwa, lakini kumpungia mzee kwa mkono wa kushoto, kwetu, ni bora umpite kimya. Nikawa nainua wa kulia. Kwenye lami iliyonyooka ilinifaa: pikipiki inapungua kidogo, mkono unarudi, safari inaendelea. Nilijipongeza.

Alhamisi iliyofuata nilimpakia mke wangu kwa mara ya kwanza. Alikaa upande, kanga kiunoni, amepakata ndoo ndogo ya mfuniko yenye mtori wa ndizi aliompikia mama yake. Mpaka Tengeru alinibana kiunoni. Baada ya Tengeru nikahisi mkono wake kiunoni mwangu umelegea, nikajua ameanza kuniamini.

Pale Maji ya Chai barabara ya kwenda kwa mama mkwe huacha lami, huteremka kwanza hadi kwenye kalavati ya kijito, kisha hupanda. Ni udongo na kokoto. Katikati ya mteremko alikuwa amekaa mzee mmoja juu ya jiwe, mkongojo mapajani. Nikainua mkono wa kulia, nikamwamkia. Pikipiki haikupungua, maana mteremko ulikuwa unaisukuma. Nilipoona kalavati inakuja, mkono bado uko hewani. Kilichobaki ni mguu, nikaikanyaga breki ya nyuma kwa uzito wangu wote. Gurudumu la nyuma likafunga, likateleza kama sabuni, na sote tukalala chini kwenye majani ya migomba ya watu.

Mzee yule aliinuka kutoka kwenye jiwe, akaja na mkongojo wake hatua kwa hatua, akasimama juu yangu.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Sasa inuka."

Mke wangu alikuwa ameinuka tayari. Kiwiko chake kilichubuka, na mtori ulikuwa umemwagikia kanga yake na gauni mpaka magotini. Hakunilaumu. Aliokota mfuniko, akaufuta, akaanza kupanda kilima kwa miguu, nami nikisukuma pikipiki nyuma yake. Tulipofika, mama yake alimkumbatia, akaushika ukingo wa kanga, akanusa vidole.

"Leo mtori mmeuvaa," alisema. Kisha akageuza uso kuelekea nilikosimama na kuniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana, namshukuru Mungu. Moyoni nilitamani ningekuwa nimeumia kidogo.

Tuliporudi nyumbani usiku haujaingia, mke wangu aliweka maji ya chumvi kwenye kiwiko, na bila hasira akaniambia kwamba yeye ataendelea na basi. Alisema mama amezoea mara moja kwa mwezi. Nilimjua vya kutosha kutambua kwamba hakuwa akizungumza juu ya mama yake peke yake.

Kesho yake nilikwenda Lemara nikamweleza fundi kila kitu. Nilitegemea anicheke mpaka machozi. Hakucheka. Alichota maji kwenye dumu, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akakaa juu ya tairi.

"Umewahi kukamua ng'ombe, Maalim?"

Nikasema nilikamua nikiwa mdogo, huko Upareni.

"Ukimnyakua chuchu anafanya nini?"

"Anapiga teke."

"Basi na hii ni hivyohivyo. Ikamue. Kidole kimoja, cha pili, cha tatu, halafu ndiyo unakaza. Na mkono ukishaanza kukamua hautoki pale mpaka ndoo ijae, hata apite askofu."

Alinifundisha upya kama mtu ambaye hajawahi kupanda. Gia ishuke kabla ya mteremko, isisubiri kuwa ndani yake. Breki zote mbili pamoja, ya mbele ikikamuliwa, ya nyuma ikikanyagwa kama unavyokanyaga sakafu mtoto amelala. Alichora mstari kwa kisigino kwenye vumbi, akaniambia nisimame pale, si kabla wala baada. Kwa wiki nne nilikuwa nakwenda kila siku baada ya alfajiri, kabla watoto hawajaja madrasa. Mara ya kwanza nilipita mstari kwa hatua sita. Kisha tatu. Siku moja akaweka gunia la mchanga kwenye kiti cha nyuma, akafunga kwa mpira, akasema huyo ni mama watoto, nimpeleke taratibu. Niliposimama kwenye mstari, aliliendea gunia, akaliuliza habari ya safari, kisha akaniambia halina malalamiko.

Hata hivyo suala la salamu halikuwa limekwisha. Nilikuwa nimepata breki na kupoteza mkono. Kila Alhamisi nilikwenda peke yangu, nimeganda kwenye usukani, nikiwatolea watu salamu wasizozisikia, na niliwaona kwenye kioo wakinitazama. Niliona ni mtihani wangu nami nitauvumilia. Mke wangu sikumwomba kitu. Kila niliporudi nilimpa salamu za mama yake, na yeye aliuliza maswali yaleyale: anaona kiasi gani, anakula nini, nani amemchotea maji.

Alhamisi moja, nimeshawasha pikipiki uani, alitoka ndani na ile ndoo ya mfuniko. Amevaa viatu vya kufunga. Nilizima injini nikidhani anataka nimpelekee mtori mama yake, nikanyoosha mkono kuipokea. Hakunipa.

"Fundi wako alipita jana wewe ukiwa msikitini," alisema. "Ameniambia habari za gunia."

Nikaona haya, nikatazama chini.

"Mikono yako yote miwili ikae hapohapo mbele, Maalim. Usiinue hata kidole. Salamu nitatoa mimi."

Nilitaka kusema kitu kuhusu nani anapaswa kumwanza nani, maana hilo ndilo nililosomea. Badala yake nikawasha injini. Akapanda, akakaa upande, akaishika kanzu yangu kiunoni kwa ngumi, wala haikuwa imelegea.

Tangu tunatoka Kaloleni alianza kazi. Yeye hakuvaa kofia ngumu, na sauti yake ni ya mtu aliyelelewa kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Alisalimia kwa salamu yetu, alisalimia kwa shikamoo, na tulipofika upande wa kwao akabadili akasalimia kwa Kimeru. Watu waliinua mikono, wengine wakamcheka, naye akacheka. Mwanamke mmoja kando ya soko la Tengeru alimuuliza kama amekuwa kondakta. Mimi nilitazama barabara.

Kwenye mteremko wa kalavati nilishusha gia mapema. Mzee wa mkongojo alikuwa palepale juu ya jiwe lake. Nilimsikia mke wangu akimwamkia na mzee akiitikia, na wakati huohuo mbuzi wawili wakatoka kwenye migomba, wakasimama katikati ya njia. Nikakamua: kidole kimoja, cha pili, cha tatu. Nilihisi bega lake likinijia mgongoni taratibu, likaegemea, kisha likarudi mahali pake. Mbuzi wakapita. Nikamuuliza mtori vipi, akasema umelala.

Tukapanda kilima kwa gia ya kwanza, yeye akisalimia kila nyumba, na watu wakiitikia kutoka jikoni na mabandani, nyumba kwa nyumba. Tulipoingia uani kwa mama yake tulimkuta amesimama mlangoni, amejifunga kanga safi, na birika liko motoni linachemka.

Mke wangu akamuuliza nani kamwambia kwamba tunakuja.

"Nimewasikia watu wanakuitikia tangu huko bondeni," mama alisema. "Nikasema huyo ni mwanangu, nikaweka maji."

Aliipapasa ndoo, akaipima uzito kwa mikono miwili, akaipeleka ndani mwenyewe. Kutoka siku hiyo alituwekea maji motoni kila Alhamisi, kwa miaka sita ambayo Mungu alimbakishia, na hata macho yalipofunga kabisa hakuwahi kukosea wakati.