Nestori na Moto Tuliouzima Kitahana

Siku hiyo nilikuwa napepeta maharage uani, na Nestori, mwanangu wa pekee, nimempa kazi ya kufukuza kuku. Mtukutu yule! Akifukuza kuku mmoja anakanyaga ungo. Nilimgombeza, akacheka tu.

Jioni mume wangu akarudi kutoka sokoni mbio, pekupeku. Askari walikuwa kilima cha pili wanachoma nyumba. Tukatoka na nguo za mwilini.

Tulijificha kwenye matete pamoja na majirani. Mchana mmoja wenzetu wakasogea pembeni kidogo, wakakoka moto wawapikie watoto uji. Askari wakauona moshi.

Tulisikia risasi. Kisha kimya.

"Hakuna moto tena," mume wangu akasema. Tukala viazi vibichi, tukavuka mto Malagarasi pale mpakani, tukafika Kitahana, upande wa Tanzania. Waha, wenyeji wa huko, wakatupokea vizuri, wakatupa mahali pa kujenga kibanda. Jirani yetu, Mama Stela, akatuletea kijinga cha moto kutoka jikoni kwake.

"Pikeni, ndugu zangu. Huku hakuna wa kuwafuata."

Mume wangu akampokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Mama wa watu alipoondoka tu, akakifukia kijinga kwa udongo.

"Mpaka uko karibu mno, Mama Nestori."

Sikumpinga. Zile risasi na mimi nilizisikia. Ugali tukawa tunakula kwa Mama Stela. Maji tunachota bondeni, tunakunywa hivyo hivyo.

Asubuhi moja Nestori aliamka mzima, anacheza. Jua la utosi lilipofika, mwili unawaka. Tukadhani malaria, tukamnywesha majani machungu. Wapi! Homa ikazidi siku baada ya siku, akawa anashika tumbo.

"Mama, linauma."

Baba yake akambeba hadi zahanati. Mganga akamgusa tumbo, limekuwa gumu.

"Mnakunywa maji gani?"

"Ya bondeni."

"Mnayachemsha?"

Mume wangu akatikisa kichwa.

"Ni homa ya matumbo," mganga akasema. "Imeshamla ndani."

Nestori alivuta pumzi. Sikuona nyingine.

Nilibaki nimekodoa macho, hata kulia siwezi. Jamani! Risasi zimemkosa, mto umemkosa, aje kuuawa na maji ya kunywa? Hapa penye amani, watu wanapita barabarani na baiskeli zao wakisalimiana?

Baada ya mazishi watu walimsema sana mume wangu kwa kukataa moto, nami niliwachukia kwa hilo.

Miaka ikapita, tukawa raia. Kanisani tulikuwa na ibada ya kuwaombea waliouawa vitani, wakitajwa kwa majina. Nikampa katekista jina la Nestori. Akaniambia kwa upole kwamba huyo aliugua tu, tena vita tulikwisha kuviacha ng'ambo.

"Katekista," nikamwambia mbele ya watu wote, "nani alimfundisha baba yake kuogopa moshi? Mtaje mwanangu."

Akamtaja.