Kiti cha Mke wa Rula

Mtaani walimwita Rula, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Kwa miaka thelathini na minane alichora mabango ya maduka na zahanati bila kupiga mstari wa penseli kwanza, na hakuna herufi yake iliyowahi kuyumba. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Nyumba ile haikutoa kazi mbovu.

Alipozeeka, alimwomba mkuu wa shule chumba kimoja cha kutumia jioni, awafundishe watu wazima kuchora na kuchapa mabango, bure. Mkuu alikubali kwa sharti: kufikia Ijumaa wapatikane wanafunzi kumi, la sivyo chumba kitakuwa stoo ya madawati mabovu.

Rula alilichora tangazo lake siku nne. Rangi tano, herufi zenye kivuli, na mkono ulioshika brashi, mishipa yote ikionekana. Watu walisimama, wakasifu, wakaenda zao. Hadi Jumatano hakujiandikisha mtu.

"Bango lako zuri mno," mkewe alimwambia akimmiminia chai. "Nimewasikia sokoni. Wanasema, bure gani yenye rangi tano? Na anayechora vile si atatucheka tu?"

"Nimemcheka nani mimi?"

"Mimi. Mwaka ule tulipooana nilichora kuku, ukaniuliza kama ni birika."

Rula aliweka kikombe chini. Yeye alikuwa amesahau kabisa. Mkewe hakusahau; tangu siku ile hakushika brashi ila kuosha za mumewe.

Rula alimletea karatasi kubwa na wino. "Chora kiti kile cha mlangoni."

"Baba watoto, usinitanie jamani."

"Sikutanii. Nilikukosea, mama. Chora."

Mkewe akachora, ulimi wake ukiwa nje. Miguu mitatu ya kiti ilielemea kulia, wa nne ukashika njia yake. Mkono ulimwasha Rula akitengeneze, akautia mfukoni. Kiti kilipokwisha, Rula mwenyewe aliandika chini yake kwa herufi zake zilizonyooka: "Nimechora mimi, mke wa Rula. Naanza kujifunza Ijumaa. Ni bure. Njoo tuanze pamoja."

Mdogo wake Rula aliliona bango likibandikwa, akashika kichwa. "Kaka! Kiti kile, na jina letu chini yake? Baba angesemaje?"

"Sijui. Nishikie gundi."

Alhamisi nzima mtaa ulicheka. Ijumaa jioni muuza nyama, aliyecheka kuliko wote, alitangulia kuingia, aproni bado kiunoni. Mke wa Rula alikuwa ameshakaa dawati la mbele.

"Shemeji, kiti gani kile? Hata mimi nakushinda!"

"Kaa basi, tuone."

Nyuma yake wakaja wengine, wakisukumana mlangoni kama watoto, hadi wakatimia kumi na watatu. Rula aliwahesabu mara mbili kwa macho. Akachukua karatasi, na ya kwanza akampa mkewe kwa mikono miwili.