Pale Chiriku Alipovuta Pumzi

Dada yangu ni fundi cherehani, na hadi mwaka huu hakuwahi kugusa kinanda ila kukifuta vumbi. Kilikuwa cha binti yake wa pekee, tuliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kila jioni mama alikanyaga cherehani akishona sare za shule, binti pembeni yake akipiga wimbo mmoja uleule. Mimi niliyekuwa napitia pale nikitoka kazini nilikuwa nasema, "Jamani, mwingine mtajifunza lini?" Leo ningetoa chochote niudhike nao tena.

Homa ya mapafu ilimchukua kabla hatujajua kuwa ni homa ya kuogopwa. Baada ya mazishi dada alifunika cherehani kwa shuka, akawarudishia wateja vitambaa vyao, akakaa. Hakulia. Nililia mimi kwa niaba yake, maana machozi yangu yako karibu.

Jumamosi moja akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa mwalimu wa muziki wa Chiriku. Mwalimu huyu hakuajiriwa na shule yoyote. Alifundisha sebuleni kwake, mwanafunzi mmoja mmoja, piano ikiwa imebanwa kati ya kabati la vyombo na dirisha. Alipofungua mlango alidhani dada amefuata vitabu vya marehemu.

"Saa ya masomo ya mwanangu umempa mtu?" dada akauliza.

"Bado, mama."

"Basi nipe mimi. Nifundishe ule wimbo wake. Nataka nyumba iusikie tena."

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Ukikosea, anagonga ubao wa piano kwa penseli, unarudi mwanzo wa mstari, na ndivyo hivyo hivyo mpaka mkono usahau kosa. Watoto walimchukia kwa hilo, wazazi wakamsifu. Dada ana vidole vigumu vilivyozoea mkasi, lakini wimbo aliujua wote kwa masikio. Tatizo lilikuwa mstari wa tatu. Alipofika katikati alisimama kidogo, kisha akaendelea.

Ko! "Hapo hatusimami, mama. Unganisha."

Dada akadhani ni ugeni wa vidole vyake tu. Akatii. Akaurudia mstari nyumbani asubuhi na jioni, ukaidi wetu wa ukoo umemkaa kichwani, mpaka mstari ukateleza kama sabuni.

Siku aliyoumaliza wote alituita. Shemeji, mume wake, mtu asiyetoa neno bila sababu, alikuwa jikoni akimenya viazi. Akaja na kisu mkononi. Dada akapiga mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Nikapiga makofi peke yangu kama mjinga.

"Umepiga vizuri, mke wangu," shemeji akasema. "Lakini huo si wa Chiriku."

"Ni huohuo!"

"Wa Chiriku kuna mahali ulikuwa unavuta pumzi."

Nilimwona dada akielewa, na sitaki kumwona mtu hivyo tena. Vidole vya mtoto vilikuwa vifupi, havikufika. Alikuwa anainua mkono, anauhamisha, ndipo anaendelea. Kosa lilikuwa la Chiriku, na dada alikuwa amelifuta kwa juhudi zake mwenyewe.

Hakungoja Jumamosi. Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa mwalimu.

"Nirudishie kosa lake," dada akamwambia.

Mwalimu akavua miwani. "Nilimgombeza sana kwa mahali hapo. Laiti ungeniambia, mama."

"Ningekwambia nini? Nilijua ndivyo wimbo ulivyo."

Mwalimu akaketi kwenye piano kulitafuta. Akasimama mno, akasimama kidogo mno. Dada akatikisa kichwa kila mara. Akajaribu yeye, vidole vikapita tu moja kwa moja, maana vilikuwa vimefundishwa vikafundishika. Mwalimu akaitupa penseli kabatini, akalia, mzee mzima. Nami nilikuwa nimekuja na matusi yangu tayari, nikajikuta naenda kumwokotea penseli.

Tuliporudi, dada alifunga kinanda. Nadhani alitaka mikono yake ifanye kitu kingine, chochote. Akavuta ile shuka kwenye cherehani, akachukua gauni langu lililofumuka tangu kabla ya msiba, akaanza kushona huku akiuimba ule wimbo puani, wala sidhani alijua kama anaimba. Cherehani ikakimbia mstari wa kwanza, ikakimbia wa pili. Katikati ya wa tatu mguu wake ukasimama. Kidogo tu. Kisha ukaendelea.

Kule jikoni shemeji aliacha alichokuwa akifanya.

"Rudia, mama Chiriku," akasema.

Akarudia. Mguu ukasimama palepale, kama jioni zote zile ulipokuwa ukimngoja mtoto ahamishe mkono. Hapo ndipo dada yangu alipolia, uso umezama kwenye gauni langu, sindano bado imo ndani ya kitambaa.